Mifano ya kuelezea kwa nini kampuni kubwa inakwama: ipi inasaidia na ipi inatupoteza?

KaraniMkuu:

Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanikera muda mrefu nikaona bora nikimwage hapa tukijadili. Ukifanya kazi kampuni kubwa, namaanisha kubwa kweli, maelfu ya watu na vitengo ambavyo hata hujui vinafanya nini, utagundua kila anayetaka kueleza kwa nini mambo hayaendi anaanza na "sisi ni kama...". Kama meli kubwa, haigeuki haraka. Kama mwili, kiungo kimoja kikiumwa vyote vinaumwa. Kama mashine, kuna gia imesagika mahali. Watu wanatikisa vichwa, slaidi inapita, mnatoka kikaoni na hakuna kilichobadilika.

Mi sipingi mifano. Kitu cha watu elfu ishirini kichwa cha mtu mmoja hakikibebi bila mfano. Ninachosema ni kwamba mingi inatuambia tujisikie vipi, haituambii tukaangalie wapi. Mfano wa maana ukishausikia unaondoka na swali la kwenda kumuuliza mtu kesho asubuhi.

Chukua hiyo meli. Meli inachelewa kugeuka kwa sababu ya uzito wake yenyewe, hapo hakuna wa kulaumiwa, ni fizikia. Sasa kampuni ikikaa miezi inabadilisha fomu moja ya ukurasa mmoja hiyo ni fizikia gani? Hapo kuna mtu ameikalia karatasi, au kuna watu wanne kila mmoja anadhani mwenzake ndio mwenye neno la mwisho. Mfano wa meli unamsamehe kila mtu kwa mpigo, ndio maana mabosi wanaupenda.

Mimi ninaouamini ni foleni. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi kulikuwa na ombi la kubadilisha sentensi moja, ule ujumbe anaouona mteja akikosea namba ya siri. Sentensi moja tu! Dada aliyeiandika alitumia muda mfupi mno, kisha ikaenda idara ya sheria, sheria wakapeleka usalama wa mifumo, usalama wakapeleka kwa wale wanaoangalia lugha na muonekano wa kampuni, wale wakabadilisha neno moja kwa hiyo ikabidi irudi tena sheria maana sasa ni sentensi mpya. Ukijumlisha muda ambao binadamu kweli ameigusa ile sentensi haufiki hata nusu siku. Muda wote uliobaki ilikuwa imelala kwenye kikasha cha mtu mwenye kazi nyingine za haraka zaidi. Na ukimuuliza yeyote kati yao anakujibu ukweli mtupu kabisa: "mi nilivyoifungua tu niliimaliza siku ileile".

Hakuna mvivu hata mmoja pale. Hilo ndilo mifano mingine haiwezi kukuonyesha.

Na foleni si kufananisha tu, kuna hesabu zake. Agner Krarup Erlang, raia wa Denmark aliyekuwa anafanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, mwaka 1909 alichapisha hesabu za simu zinavyoingia kwenye mtambo, na kuanzia hapo watu wakaendeleza. Kwenye modeli ya kawaida ya mhudumu mmoja na kazi zinazoingia bila ratiba, mhudumu akiwa bize nusu ya muda wake, kazi mpya inasubiri kwa wastani muda sawa na wa kuhudumia kazi moja. Akiwa bize asilimia 80 inasubiri mara 4. Asilimia 90, mara 9. Asilimia 95, mara 19! Sasa yule meneja anayesimama mbele anajivunia kwamba kwake hakuna mtu anayekaa bure, wote wamejaa hadi pomoni, ndiye huyohuyo anayetengeneza ucheleweshaji halafu anauita uzito wa meli.

Karibuni, nani ana mfano wake?

---

FundiSpana:

Mkuu nakubaliana na foleni ila mashine umeipita haraka sana. Mfano wa mashine umejenga viwanda vyote tunavyovijua. Frederick Taylor, injinia wa Marekani, mwaka 1911 alikuja na hoja kwamba kila kazi ipimwe, ivunjwe vipande, kila kipande kiwe na namna moja bora ya kukifanya, na kwa kazi za kubeba chuma na kukata chuma ilifanya kazi. Tatizo ni kuuchukua mfano wa kiwandani ukaupeleka kwenye kazi za kufikiri na kuelewana.

Ushahidi mzuri ni IBM ya miaka ya 60. Walitangaza familia ya kompyuta za System/360 mwaka 1964, na programu endeshi yake ikachelewa vibaya, wakawa wanazidi kuumwagia mradi watu wapya. Aliyesimamia ule mradi, Fred Brooks, baadaye mwaka 1975 akaandika kitu ambacho kila injinia anakijua: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa unauchelewesha zaidi. Na mfano wake ulikuwa wa mimba, kwamba mtoto anachukua miezi 9 hata uwapange wanawake wangapi.

Mimba ni nusu tu ya maelezo ya Brooks lakini watu wanaishia hapo, wanacheka, basi. Nusu ya pili ndio yenye nyama. Watu 5 wakitakiwa kila mmoja aelewane na kila mmoja kuna njia 10 za mawasiliano. Watu 10, njia 45. Watu 50, njia 1,225. Watu wameongezeka mara kumi, maneno yameongezeka zaidi ya mara mia. Kwenye mashine gia mpya haihitaji kufundishwa na gia za zamani, kwenye ofisi mtu mpya anakula muda wa wale wale uliotaka kuwapunguzia mzigo. Hapo ndipo mashine inapokatikia.

---

KiguuNaNjia:

Mnazunguka sana nyie. Kampuni kubwa inakwama kwa sababu ya siasa za ofisini, kwisha. Mifano ni ya washauri wanaolipwa kwa slaidi.

---

FundiSpana:

@KiguuNaNjia "siasa" nayo ni mfano ndugu yangu 😄. Umechukua bunge ukalipeleka ofisini. Na si mbaya, kuna mambo inayaonyesha. Ila niambie, kwenye ile sentensi ya namba ya siri siasa ilikuwa wapi?

---

BintiMahesabu:

Nimependa uzi huu. Mi niko upande wa fedha lakini mume wangu ni mtu wa programu kwa hiyo nyumbani kwetu vita hii ni ya kila siku.

Mfano ninaoupigia saluti kuliko yote ni wa deni. Ward Cunningham, mwandishi wa programu wa Marekani, mwaka 1992 yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza programu ya mambo ya uwekezaji, kwa hiyo lugha ya fedha bosi wake anaielewa. Anataka kumweleza kwa nini wanarudi nyuma kupanga upya kitu ambacho tayari kinafanya kazi, maana kwa bosi hiyo inaonekana kama kulipa mara mbili. Akamwambia kutoa programu haraka kabla hujaielewa vizuri kazi yenyewe ni sawa na kukopa, unapata unachotaka mapema, si dhambi, lakini usiporudi kurekebisha kila ukigusa kile kitu unalipa riba, na riba ikikua inafika siku mapato yote yanaishia kwenye riba huendi mbele.

Angalia alichofanya. Hakuchukua mfano kutoka kwenye kompyuta akaurahisisha. Aliingia kwenye lugha ya msikilizaji, na kwa mtu wa fedha neno riba linakuja na maswali yake: deni kiasi gani, riba kiasi gani, tunalipa lini, nani alikopa na aliidhinishwa na nani. Ndio hicho KaraniMkuu anachokisema, unaondoka na maswali.

Halafu angalia ulivyoharibika. Sasa hivi kila kazi mbovu inaitwa deni la kiufundi. Mtu kalipua kazi, anasema ni deni. Hapana, wewe hukukopa, wewe umeharibu! Mwenyewe Cunningham ilibidi mwaka 2009 aeleze tena kwenye video kwamba hakuwahi kuunga mkono kuandika programu vibaya, alikuwa anaongelea kuandika kadiri unavyoelewa sasa hivi halafu ukielewa zaidi urudi uirekebishe. Mfano mzuri ukipendwa sana nao unaota kutu.

---

MzeeWaMafumbo:

Nimesoma wote, mko vizuri vijana. Lakini mnaongelea mifano kana kwamba yote inasemwa na watu wanaotaka kueleweka. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua, na mabosi nao wanajua kufumba.

Niwape Nokia. Stephen Elop aliingia kuwa mkuu wa kampuni Septemba 2010 akitokea Microsoft. Februari 2011 akawaandikia wafanyakazi waraka uliovuja dunia nzima, wa mtu aliyeamshwa na mlipuko usiku kwenye jukwaa la mafuta katikati ya bahari, moto kila upande, chini maji ya barafu, akaruka. Akasema na sisi jukwaa letu linaungua. Siku chache baadaye, tarehe 11 Februari, wakatangaza wanahamia kwenye mfumo wa Windows Phone wa Microsoft.

Kama maandishi ni matamu mno. Sasa upime kama mfano. Kwanza, kwenye jukwaa linaloungua kuna mambo mawili tu, kuungua au kuruka. Nokia ilikuwa na njia zaidi ya mbili, ikiwemo Android ambayo wenzao walikuwa wanaichukua, lakini ukishakubali moto kila anayeuliza "tuna njia zingine?" anaonekana mpumbavu anayetaka kuungua. Pili, yule mtu baharini hana wateja. Nokia walikuwa bado wanauza kwa wingi simu za Symbian, mfumo wao wa zamani, na kampuni za simu na wanunuzi wakasoma waraka ule ule. Unauzaje chumba kwenye nyumba uliyokwisha tangaza inaungua? Septemba 2013 wakakubaliana kuiuzia Microsoft biashara ya simu, dili la euro bilioni 5.44, likakamilika Aprili 2014, na mwaka uliofuata Microsoft ikaandika hasara ya dola bilioni 7.6 kwenye biashara hiyo. Sisemi waraka peke yake uliangusha kampuni, Symbian ilikuwa taabani kweli. Nasema mfano ulichagua jibu kabla swali halijaulizwa.

Na cha kuuma zaidi, ugonjwa wenyewe haukuwa moto. Quy Huy na Timo Vuori walichapisha utafiti mwaka 2016 baada ya kuhoji watu 76 kuhusu Nokia ya kabla ya hapo, 2005 mpaka 2010. Walichokuta ni woga. Wakubwa wanaogopa washindani wa nje, mameneja wa kati wanaogopa wakubwa wao, kwa hiyo habari mbaya haipandi juu, inapanda ile iliyopambwa. Niambieni jukwaa la mafuta linakuonyeshaje hilo?

---

KiguuNaNjia:

Mzee hapo umenishika. Kumbe si siasa tu.

---

MzeeWaMafumbo:

Siasa ipo kijana wangu, subiri. Kuna kampuni iliyoogopa mifano mpaka ikaipiga marufuku.

General Motors (GM), watengeneza magari wa Marekani, mwaka 2008 walitengeneza presentesheni ya kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuandika kuhusu matatizo ya usalama wa magari, na ndani yake kuna orodha ya maneno ya kukwepa. Mtego wa kifo, usiandike. Jeneza linalotembea, usiandike. Titanic, meli iliyozama, na Hindenburg, chombo cha gesi kilichoungua angani, usiandike. Hata maneno yenye harufu ya Biblia yalikuwemo. Hii ilikuja kujulikana 2014 serikali ya Marekani ilipowatoza faini ya dola milioni 35 kwa kuchelewa kutoa taarifa ya swichi mbovu ya kuwashia gari, swichi ambayo ilikuwa inaweza kujizima gari likiwa kwenye mwendo na mifuko ya hewa isifunguke. Magari milioni 2.6 yakarudishwa, na mfuko wa fidia ukakubali madai ya vifo 124.

Maneno yaliyoshauriwa yalikuwa ya upole. Usiseme kasoro, sema haifanyi kazi kama ilivyobuniwa. Sasa fikiria injinia wa chini huko, hana cheo, hana bajeti, silaha pekee aliyonayo ya kumshtua mtu wa ghorofa ya juu ni kusema "hiki kitu ni jeneza". Ukimnyang'anya hilo umemwachia nini? Ripoti ya uchunguzi iliyofanywa kwa niaba ya kampuni mwaka huo huo inaeleza hadi tabia za vikaoni zilizokuwa zimepewa majina na wafanyakazi wenyewe: kutikisa kichwa kwa mtindo wa GM, yaani wote mnakubaliana na mpango halafu mnatoka chumbani bila nia yoyote ya kuutekeleza, na saluti ya GM, unakunja mikono kifuani vidole vimeelekea kwa wengine, jukumu si langu.

Hizo nazo ni tamathali, zimetoka chini, hazikuandikwa na mshauri. Zina kazi kuliko meli na mashine zote. Ukitaka kujua kampuni inaumwa wapi usisikilize mifano ya jukwaani, sikiliza majina ya utani yanayotumika kwenye ngazi na kwenye lifti.

---

Mgeni_2:

Familia sijaona mtu ameigusa. Kwetu kila kikao ni "sisi ni familia" halafu mwisho wa mwaka familia inapunguzwa kwa barua pepe.

---

BintiMahesabu:

😂😂 pole dada. Netflix waliona huo unafiki mapema, ile slaidi yao ya utamaduni iliyotoka 2009 ilisema waziwazi sisi ni timu, si familia. Angalau huo ni mfano mkweli, mchezaji anajua anaweza kuachwa.

---

FundiSpana:

Mkweli ndio ila nao una shimo. Kwenye timu wote wanaangalia ubao mmoja wa magoli. Microsoft mpaka Novemba 2013 walikuwa na ule utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi kwa madaraja, meneja analazimika kuweka watu fulani chini hata kama wote wamefanya vizuri. Hiyo ni timu gani ambayo ushindi wa mwenzako unakushusha daraja? Unaweza kusema "timu" kila siku, watu watacheza kwa namna wanavyopewa pointi. Kwa hiyo mtu akikwambia sisi ni timu muulize swali moja tu, ubao uko wapi na nani anaandika.

Na kuna mwingine wa bure kabisa, hauhitaji kikao. Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta, mwaka 1968 alisema shirika likibuni mfumo wowote, mfumo utafanana na jinsi watu wa shirika hilo wanavyowasiliana. Ingia kwenye tovuti ya kampuni kubwa uangalie menyu, utaona vitengo vyao. Mteja anatafuta namna ya kubadilisha anwani, anakuta milango mitatu kwa sababu kuna wakurugenzi watatu.

---

KaraniMkuu:

Aisee nimejifunza. Mzee hoja yako ya GM imenifanya niulainishe msimamo wangu kidogo, kuna mfano ambao kazi yake ni kushtua tu na hiyo nayo ni kazi. Ila naongeza wa hatari kuliko yote kwa maoni yangu, mfano unaomfanya mtu aweke pembeni anachokijua.

Usiku wa kuamkia 28 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga za juu cha Marekani kiitwacho Challenger, walikuwa wanapinga chombo hicho kurushwa kwenye baridi ile kwa sababu pete za mpira za kuziba maungio ya roketi zilikuwa hazifanyi kazi vizuri kwenye baridi. Mkuu wa uhandisi, Bob Lund, alikuwa upande wao. Wakuu wakajifungia pembeni, na bosi wake akamwambia avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja. Akabadilika. Asubuhi chombo kikalipuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa.

Kofia! Kitu kinavuliwa na kichwa kinabaki vilevile. Lakini alichoambiwa avue hakikuwa kofia, ilikuwa ni elimu yake kuhusu mpira na baridi. Mfano umefanya kitu kisichowezekana kionekane cha sekunde moja.

---

Mgeni_2:

Naombeni msaada wa haraka wakuu. Keshokutwa natakiwa nimweleze mkurugenzi wa fedha kwa nini maombi ya kitengo chetu yanachukua muda mrefu. Yeye anaamini tatizo ni watu hawatoshi au wazembe. Nitumie foleni au?

---

BintiMahesabu:

Kwa mtu wa fedha usianze na foleni, ataiona ya barabarani na atakwambia tuongeze njia, yaani watu, na FundiSpana keshasema hiyo inaishia wapi. Anza na mali iliyolala ghalani. Kila ombi ambalo limeanza na halijaisha, mishahara ya walioligusa imeshalipwa na kampuni haijapata kitu. Bidhaa zikilala ghalani anaziona kwenye mizania na hapati usingizi, hizi za kwenu hazionekani mahali popote kwenye vitabu vyake. Akishaelewa hapo ndio umwonyeshe zile namba za asilimia 80 na 95.

---

KaraniMkuu:

Naam. Na usiende na mfano mtupu. Chagua maombi matano yaliyokwisha, ya kawaida, usichague mabaya tu atakushtukia. Kila moja andika tarehe lilipoingia kwa mtu, tarehe alipolifungua, tarehe lilipotoka. Safu tatu. Pengo kati ya kuingia na kufunguliwa lipake rangi. Acha alitazame mwenyewe kabla hujasema neno.

---

Mgeni_2:

Nimeanza kuzitafuta kwenye barua pepe. Tatu nimeshazipata. Moja ilikaa wiki nyingi ikisubiri idhini ya mtu ambaye alishahama kitengo.

---

MzeeWaMafumbo:

Hiyo iweke ya kwanza. Na usiandike jina lake, andika cheo.